Tonge la Yai

Simu ya kwanza niliyompigia mama kutoka Amphawa, Thailand, iliishia kwenye kicheko. Nilimwambia nimepata pa kukaa: nyumba ya mbao ukingoni mwa mfereji, chumba kimoja, neti, feni, na mwenye nyumba anaitwa Yai.

"Anaitwa nani?"

"Yai, mama."

Kwa Kithai, yai ni bibi mzaa mama, na mwanamke wa umri wake huitwa hivyo na mtaa mzima, hata na muuza barafu. Nilijitahidi kueleza, lakini mama hakuwa nami tena. Nilimsikia akimwita jirani aje asikie mtoto wake kapanga kwa yai. Miezi saba niliyokaa pale, salamu yake haikubadilika: "Limeshaanguliwa?"

Ilikuwa 2017. Thailand ilikuwa bado kwenye msiba wa Mfalme Bhumibol, aliyefariki Oktoba 2016, na barabarani ulikutana na nguo nyeusi kila upande. Nilikuwa nasoma shahada ya pili ya ufugaji wa samaki katika chuo kimoja nje ya Bangkok, na utafiti wangu ulikuwa Samut Songkhram, kwa wafugaji wa kamba. Ndio mkoa mdogo kuliko yote nchini humo, kama kilomita 70 kutoka Bangkok, pale mto Mae Klong unapoingia baharini. Kuna mikoko, kuna minazi mpaka macho yachoke, kuna tope refu la bahari iliyokupwa. Mtu wa Pangani ukimshusha pale usiku, asubuhi atadhani kavushwa tu ng'ambo ya mto, yuko Bweni.

Nilikuwa na dodoso la maswali 64 na mkalimani, dada mmoja niliyesoma naye. Wiki mbili nzima tulizunguka mashamba kwa pikipiki na kurudi na karatasi tupu. Hakuna aliyetufukuza. Walitabasamu, walituletea maji baridi, kisha kila swali likajibiwa mai ru, sijui. Una mabwawa mangapi? Sijui. Na mtu mwenyewe amesimama kwenye tuta la bwawa lake!

Jioni moja, mvua za mwanzo zimeshaanza kunyesha, nilirudi nimelowa na nimekata tamaa. Yai alikuwa ameketi sakafuni barazani, mbele yake sinia la shaba. Ndani ya sinia vikombe vidogo vidogo vya shaba, na katikati rundo la majani mabichi, mapana, yenye umbo la moyo, yanang'aa kama yamepakwa mafuta.

Tambuu, nikasema moyoni. Nimekuja mpaka huku na tambuu imenifuata.

Lazima niseme kidogo kuhusu tambuu nyumbani kwetu. Bibi yangu, mzaa mama vilevile, alikuwa na kijaluba chake cha bati kilichochakaa pembe, na ndani yake majani ya tambuu yaliyofungwa kitambaa kibichi, popoo, chokaa, tumbaku, na kijikasi cha kukatia popoo. Mgeni akifika, kabla hajaulizwa kilichomleta, anakunjiwa. Anatafuna. Ndipo anasema. Waliokuja kuposa walikunjiwa, waliokuja kudai deni walikunjiwa, na hata fundi aliyekuja kuziba bati hakuanza kazi kabla ya kukunjiwa. Mimi nilikuwa sipendi. Sikupenda ule mdomo mwekundu, na zaidi sikupenda kopo la kutemea mate lililokaa chini ya kitanda. Nilipokuwa sekondari, marafiki wakinitembelea, nililificha lile kopo nyuma ya pipa la maji, na bibi alilitafuta kimya kimya bila kuniuliza. Alijua.

Basi Yai aliponinyooshea jani, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuangaza macho chini ya benchi kutafuta kopo.

Hakukuwa na kopo. Ile haikuwa tambuu. Lile jani linaitwa cha phlu, nalo na mtambuu ni ndugu wa ukoo mmoja, ukoo wa pilipili manga, ila hili ni jepesi na la upole, haliumi ulimi. Na katika vikombe hamkuwa na popoo wala tumbaku. Mlikuwa na nazi iliyokatwa vijiti vyembamba na kukaangwa kavu mpaka ikawa ya dhahabu, karanga za kukaanga, kamba wadogo wakavu, tangawizi mbichi, vitunguu vidogo vyekundu, ndimu iliyokatwa pamoja na ganda lake, na pilipili. Vyote vinavyokatika vilikatwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Pembeni kulikuwa na bakuli la mchuzi mzito, mweusi wenye wekundu, unaonata kama asali. Chakula hiki kinaitwa miang kham, na huliwa kabla ya mlo au katikati ya milo, watu wakiwa wamekaa tu.

Yai alinionyesha. Unaweka jani kiganjani, unalikunja chini liwe kama pakacha dogo lenye ncha. Unatia nazi kwanza iwe kitanda. Juu yake karanga moja au mbili, kamba mmoja, kipande cha tangawizi, cha kitunguu, cha ndimu, cha pilipili. Mchuzi wa mwisho, kijiko kidogo. Unafunga mdomo wa jani, unatia kinywani.

Nililing'ata katikati, kama mtu anavyong'ata sambusa. Mchuzi ukanichuruzika mpaka kwenye kiwiko, karanga ikaruka mfereji, na nusu iliyobaki ikafumuka mapajani. Yai alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akainua kidole kimoja: kham diao. Tonge moja.

Dada mkalimani ndiye aliyenifungulia jina. Miang ni kitu kilichofungwa ndani ya jani. Kaskazini mwa nchi, neno hilohilo hutumika kwa majani ya chai yaliyochachushwa ambayo wazee hukaa nayo mdomoni na punje za chumvi. Na kham ni tonge, kiasi cha kujaza kinywa mara moja. Lakini kham pia, kwa matamshi yaleyale na herufi zilezile, ni neno. Ukitaka kusema "neno moja" kwa Kithai na ukitaka kusema "tonge moja", unasema kitu kimoja. Sisi wahenga wetu walisema kinywa ni jumba la maneno. Hawa wameyaweka maneno na matonge chumba kimoja.

Usiku ule nilikula kama kumi na tano. Sijui nielezeeje ladha yake kwa mtu ambaye hajaila, kwa sababu si ladha moja inayopanda na kushuka. Jani linatangulia na ubichi wake, kisha utamu wa mchuzi, halafu ukivunja ndimu na ganda lake uchungu na ukali vinakuja pamoja, na hapohapo nazi inapita katikati na mafuta yake kama mtu mzima anayeamua ugomvi. Tangawizi inapasha koo. Kamba anakuja mwisho, chumvi na bahari. Pilipili haina zamu, inaingia inapotaka. Na kila tonge ni tofauti kidogo na lililopita, kwa sababu mkono wako haupimi sawasawa mara mbili.

Nilikuwa na furaha nyingine, ya Mwislamu ugenini: hamna nyama ndani. Neno la kwanza la Kithai nililolishika barabara lilikuwa mu, nguruwe, na kila meza niliyokaa ilibidi niulize kwanza, mu? mu?, mpaka wenzangu wakanitania kwa hilo. Sinia la Yai nililila bila kuuliza.

Siku ya pili nikawa mjanja. Nikaanza kuchagua. Pilipili nikaiacha, ni ile ndogo kali tunayoiita pilipili kichaa, na Wathai kwa dharau wameipa jina la mavi ya panya, ukiitazama utaona hawakukosea. Ndimu nikaimenya ganda. Tangawizi nikairuka. Yai alinitazama nikikunja tonge langu la nazi na karanga na sukari, akanishika mkono, akalifungua jani, akarudisha kimoja kimoja nilivyoviacha. Khrop, akasema. Kitimie.

Nilidhani ni ukaidi wa bibi kizee. Baadaye nikaelezwa kuwa kuna hesabu ndani yake. Katika tiba ya asili ya Kithai mwili una udongo, maji, upepo na moto, na sinia lile limegawiwa humo: nazi, karanga, kamba na sukari ni vya udongo, jani na maji ya ndimu ni vya maji, kitunguu na pilipili ni vya upepo, tangawizi na ganda la ndimu ni moto. Ukiacha ganda umepunguza moto. Mimi ni mtu wa maabara, sikuamini kwamba ganda la ndimu linaniwashia chochote. Lakini nilimkumbuka bibi akinikataza nanasi nikiwa na mafua eti ni baridi, na nikakumbuka pia kwamba nilipona kila mara. Nikaacha ubishi. Na ukweli ni kwamba lisilotimia halina ladha. Nililionja lote, ninajua. Tonge langu la kuchagua lilikuwa peremende tu yenye karanga.

Pale sokoni Amphawa, kwenye mashua zinazouza chakula jioni za mwisho wa wiki, miang kham huuzwa tayari imekunjwa, imechomwa kwenye vijiti vya mwanzi kama mishikaki, mchuzi kwenye kifuko. Nilimnunulia Yai siku moja nikidhani namfurahisha. Alikula, alishukuru, na akasema jambo ambalo dada mkalimani alilitafsiri kwa shida: limekunjwa na mtu asiyejua nani atalila.

Mchuzi ndio kazi. Yai alichoma kwenye jani la mgomba kipande cha kapi, yaani kamba waliosagwa na chumvi na kuachwa mpaka wachachuke, harufu ambayo siku ya kwanza ilinitoa nje na siku ya saba ilinipa njaa. Akatwanga pamoja na vitunguu na kile kimizizi cha jamii ya tangawizi ambacho wauza dawa za asili kwetu hukiita khulinjani, akaongeza nazi na kamba waliosagwa, akavichemsha vyote na sukari mpaka vikashikana. Na sukari yenyewe si ya miwa. Ni ya mnazi.

Hapa nipumzike kidogo, kwa sababu sukari hii ilinifanyia jambo.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na shamba la minazi, na alfajiri moja nilimwona mtu juu ya mnazi. Hakupanda kwa vidaraja vilivyochongwa kwenye shina kama kwetu. Alipanda kwa mwanzi mmoja mrefu ulioachiwa vishina vya matawi, umeegemezwa mnazini kama ngazi ya mguu mmoja. Juu alikata ncha ya kole lililofungwa, akatundika chombo, akashusha kingine kilichojaa. Ninaijua kazi hiyo kwa macho kabla sijajua jina lake. Babu yangu, mume wa bibi wa tambuu, alikuwa mgema. Kwetu halisemwi. Aliacha kugema kabla sijazaliwa, akawa mtu wa safu ya mbele msikitini, na aliyetaja tembo mbele yake alitazamwa vibaya. Nililijua kwa minong'ono tu na kwa kovu alilokuwa nalo kifuani.

Kilichonishangaza Amphawa ni kwamba maji yaleyale hayakwenda kuwa tembo. Ndani ya kila chombo walitia vipande vya mti wanaouita phayom, ambao unazuia yasichache, na kabla jua halijawa kali yalikuwa kwenye karai kubwa juu ya jiko, yanachemka, yanatoa povu, yanakuwa asali, kisha yanakorogwa mpaka yanaganda rangi ya maziwa yenye chai. Mgema anapanda asubuhi na jioni, kama babu. Maji ni yaleyale. Tofauti iko kwenye kijiti na kwenye saa. Nilisimama pale na kikombe cha maji ya moto matamu mkononi, nikamwonea babu huruma, na sijui kama nilikuwa na haki ya kumwonea.

Turudi kwenye sinia. Niliuliza lilikotoka. Yai alisema lilikuwa la mama yake, na halikutengenezwa kwa miang. Ni chian mak, sinia la tambuu. Vile vikombe vya shaba nilivyokuwa nikichotea karanga vilikuwa vya popoo na chokaa. Kimoja kilikuwa bado na wekundu chini ndani yake, kwa sababu chokaa ya tambuu ya Kithai hutiwa manjano ikageuka nyekundu. Mama yake alitafuna mpaka meno yakawa meusi, na enzi zake meno meusi yalikuwa urembo. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1940, serikali ya waziri mkuu Phibunsongkhram ikaamua taifa liwe la kisasa: watu wavae kofia, wavae viatu, na waache tambuu. Mitambuu na mipopoo ikakatwa. Vita vilipokwisha wengine walirudia, lakini watoto wao hawakuianza tena. Leo Thailand nzima ukitafuta anayetafuna utampata bibi mmoja mmoja kijijini.

Ila neno lilibaki. Msafara wa bwana harusi kwenda kwa bibi harusi mpaka leo unaitwa khan mak, bakuli la popoo, na mabakuli yanabebwa kweli, na popoo na majani ya tambuu yamo ndani, ingawa katika msafara mzima huenda hakuna hata mmoja anayejua kuitafuna. Aliponiambia hivyo nilinyamaza. Niliona kopo la bibi nyuma ya pipa la maji.

Sasa kuhusu yale maswali 64.

Yai alikuwa ananitazama nikirudi kila jioni na karatasi zangu. Siku moja akaniambia, kupitia kwa dada, kwamba nafika kwa watu kama mtoza kodi: nimesimama, kalamu mkononi. Akaniuliza nani hasa aliyekataa kabisa. Nikamtaja mzee mmoja ambaye wote tulimwita Lung, yaani mjomba, baba mkubwa, mtu wa rika la kumzidi mzazi wako. Nilikuwa nimeenda kwake mara tatu. Yai akasema tutaenda wote, Jumapili, na nisibebe karatasi.

Asubuhi nzima nilikuwa mkata vitu. Yai alinisahihisha kila dakika; tangawizi yangu ilikuwa kubwa, ndimu yangu ilikuwa na mbegu. Kitu kinacholiwa kwa saa moja kinakatwa kwa saa nne. Saa tisa tuliteremka kwenye mashua na sinia limefunikwa kanga yangu, maana hapakuwa na kitambaa kingine safi, na maneno ya kanga yakawa yanasomeka juu kabisa na hakuna wa kuyasoma ila mimi.

Lung alitukuta barazani kwake tumeshakaa. Mkewe akaja. Mtoto wa jirani akaja. Yai hakusema tumekuja kwa nini. Alikunja tonge la kwanza akampa Lung kwa mikono miwili, la pili kwa mkewe, la tatu kwangu, na kila mtu akaanza kujikunjia.

Hapo nikagundua kitu ambacho miezi ya masomo ya mbinu za utafiti haikunifundisha. Miang kham haiwezi kuliwa huku unasema. Tonge ni moja, kinywa kimejaa, midomo imefungwa. Ukiuliza swali, mwenzako yuko na jani mdomoni na anakuonyesha kwa kidole kwamba ngoja. Anatafuna. Unasubiri. Mikono yako haina kazi, kwa hiyo unakunja lako. Anapomeza, na wewe umeshatia kinywani, huwezi kumkatiza. Anasema anachotaka, mpaka mwisho. Mara tatu swali lilinipanda mpaka kooni, nikalimeza pamoja na ndimu, na kabla sijapata nafasi ya kuliuliza yeye mwenyewe alikuwa amejibu jingine, zuri kuliko langu.

Lung alianza na kamba waliokuwa siniani, akasema ni wadogo. Kutoka hapo akaenda kwenye kamba wakubwa wenye milia aliowafuga mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati kila mtu pwani ile alikata mikoko na mashamba ya chumvi akachimba mabwawa, na fedha ilikuwa inaokotwa. Aliingiza maji kutoka mferejini na kutoa uchafu mferejini humohumo, na jirani yake alifanya hivyo, na jirani wa jirani. Haikufika hata mwaka 1990 kamba wakaanza kufa. Asubuhi moja alikuta bwawa zima jekundu ukingoni. Akala jani. Tukasubiri. Alirudi tena baadaye na aina nyingine, wale weupe, wakamlipa miaka kadhaa, halafu mnamo 2012 na 2013 ukaja ugonjwa mwingine uliowaua wakiwa na wiki chache tu. Akala jingine. Mkewe akasema kwa sauti ndogo kwamba mwaka ule waliuza kipande cha shamba la minazi. Ilikuwa dhahiri, hata kwangu nisiyejua lugha, kwamba yeye Lung hakutaka hilo lisemwe, na kwamba limeshasemwa.

"Una mabwawa mangapi?" lilikuwa swali la tatu kwenye dodoso langu. Nilielewa kwa nini alijibu sijui. Ulitaka ahesabu yapi, yaliyo hai au yaliyokufa?

Kabla hatujaondoka, Lung alikunja tonge mwenyewe, polepole, kwa vidole vinene vya mtu wa tope, akanipa. Lilikuwa na pilipili mbili. Nililila lote.

Sitaki kusema baada ya hapo mambo yote yalinyooka. Wafugaji wengine wawili hawakunikubali mpaka mwisho, na msimamizi wangu chuoni alitaka namba, si simulizi. Ilinibidi nirudi kwa Lung mara mbili na ile karatasi. Ila nilirudi nikakaa chini kwanza. Na dodoso nililipunguza likawa la maswali 19.

Nilirejea nyumbani Desemba 2018. Mfukoni sikuwa na kitu, lakini sanduku lilikuwa na kilo mbili za sukari ya mnazi na kopo la kapi nililolifunga plastiki tatu, na bado lilininukia mpaka Doha.

Bibi nilimkuta amekondeana. Alikuwa amepata alama nyeupe ndani ya shavu, na daktari alimwambia popoo basi. Hilo halina ubishi: tangu 2004 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeiweka popoo, hata bila tumbaku, kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Bibi alikuwa ametii. Kijaluba kilikuwa juu ya kabati. Lakini mkono wake ulikuwa bado unatembea. Akija mgeni, vidole vilitambaa mkekani upande wa kulia kutafuta kitu ambacho hakipo, kisha vinarudi mapajani. Mgeni naye anakaa, hana cha kutafuna, anaanza maneno yake mbiombio.

Siku ya tatu nikamwandalia. Cha phlu sikuipata, nikachuma majani machanga ya mtambuu wa jirani. Nazi tulikuwa nayo, karanga, tangawizi, ndimu za uani, kamba wakavu wa sokoni. Niliviweka kwenye sinia la chai, kila kimoja kwenye kikombe cha kahawa, nikaliweka mbele yake.

"Shikamoo bibi. Nimekuletea tambuu ya ng'ambo."

"Marahaba, mke mwenzangu." Akalikagua sinia. "Chokaa iko wapi?"

"Haina chokaa."

"Popoo?"

"Karanga."

"Na tumbaku?"

"Kamba."

Alinitazama kama mtu aliyealikwa harusini akaambiwa bibi harusi hayupo. Nikaanza kumkunjia, akaninyang'anya jani. Alilikunja kwa mkunjo wake, ule wa pembe tatu, haraka kuliko Yai, akalitia shavuni, na akalilaza hapo.

"Tafuna umeze, bibi."

"Tambuu haimezwi," akasema kwa mdomo uliojaa, na jicho lake likaenda chini ya kitanda. Niliinuka nikaenda kuchukua kopo. Niliporudi nalo alikuwa ameshameza.

Hakusema kitu. Alichovya kidole kwenye bakuli la mchuzi, akalamba. Akachovya tena, safari hii kwenye donge la sukari nililoliacha pembeni, akaliacha liyeyuke ulimini, macho ameyafumba.

"Hii imetoka mnazini."

"Ndiyo, bibi."

"Babu yako akinipikia. Tembo la asubuhi, kabla halijakaza." Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitaja. Nilingoja aendelee. Alivuta jani jingine, akalipangusa kwa kanga.

"Nikunjie," akasema. "Pilipili toa."

Nikamwambia haitolewi kitu, lazima kitimie.

Akaitoa mwenyewe.